Joho Liko Troa

Somo: 2 Timotheo 4:9–21

Mvua ya masika inaelekea kuisha. Mlio na jamaa huko Kinangop, Limuru, Molo na Timboroa mnajua kinachofuata. Mwezi wa sita ukiingia, ukungu unashuka, na wa saba ndio wenyewe. Hata sisi wa Nairobi tutaanza kutafuta masweta.

Leo tuko kwenye barua ya Paulo kwa Timotheo, sehemu ambayo wengi huiruka. Tunaupenda mstari wa 7, ule wa vita na mwendo, tunauhubiri kila mazishi. Lakini teremka hadi wa 13. Mtume mkubwa anaomba nini? Koti! Joho lake aliloliacha Troa, kwa Karpo. Na vitabu vyake, hasa vile vya ngozi. Halafu kwenye mstari wa 21 anamsihi Timotheo afike kabla baridi haijaingia.

Hebu angalia mahali alipo. Amefungwa Rumi, na anajua mwisho wake umekaribia. Dema ameenda zake. Amebaki na Luka peke yake. Joho lilikuwa vazi zito la msafiri, lenye tundu la kupitisha kichwa. Mtu huyu ametoka tu kuandika juu ya taji ya haki, na baridi inamshika mgongoni, na haoni aibu kusema.

Kwa nini kabla ya baridi? Siku hizo meli hazikusafiri mwaka mzima. Kuanzia Novemba hivi mpaka Machi, Bahari ya Mediterania ilichafuka na mabaharia wengi walikaa bandarini. Paulo aliyajua hayo kwa mwili wake. Katika Matendo 27 aliwaonya, hawakusikia, meli ikavunjika, wakakaa Melita miezi mitatu. Kwa hivyo Timotheo akisema "nitaenda wiki ijayo", na wiki ijayo aseme vile vile, siku moja atafika bandarini aambiwe hakuna meli hadi Machi. Je, Machi Paulo atakuwepo? Biblia haituambii kama Timotheo alifika. Hilo limeninyima usingizi mara nyingi.

Na huyu Karpo, mnamjua? Katika Biblia nzima ametajwa mara moja tu, na ni kwa sababu ya kuwekewa koti la mtu.

Sasa niwaambie yangu, ingawa si ya kujivunia. Mwaka mmoja mama yangu alinipigia simu mwezi wa tano. Kioo cha dirisha la chumba chake kimevunjika, nimtafutie fundi, na nikija nimletee blanketi nzito. Nikamwambia, "Sawa mama, nakuja wikendi." Wikendi hiyo kulikuwa na semina. Iliyofuata, kesha. Sikuwa kwenye ulevi, ndugu zangu, nilikuwa kwenye kazi ya Bwana! Mama hakunikumbusha. Wazee wetu wakishaomba mara moja, wamemaliza. Akaziba dirisha kwa gunia na katoni. Usiku mmoja wa Julai baridi ikamzidi, akaingiza jiko la makaa chumbani na kufunga mlango.

Wapendwa, makaa yakiwaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu, kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu. Kichwa kinauma, mwili unalegea, usingizi unakuchukua, na wengi hawaamki. Mpwa wangu aliyekuwa amelala chumba cha pili alisikia kitu kikianguka. Ni mama, alikuwa amejaribu kusimama. Wakamvuta nje kwenye umande. Alipona, Mungu ni mwema. Mimi nilifika asubuhi na blanketi, maana siku hiyo nafasi nilipata! Aliponiona, akaniuliza kama nimekunywa chai.

Kioo chenyewe fundi alikiweka kwa muda wa dakika ishirini.

Yule mwanamke wa Mithali 31 haiogopi theluji, mstari wa 21, kwa sababu watu wa nyumbani mwake wamevikwa nguo. Lakini soma kuanzia mstari wa 13 uone: sufu ilitafutwa kwanza, mikono ikafanya kazi. Theluji ilipokuja, nguo zilikuwa tayari.

Kwa hivyo Jumapili hii sitaita watu madhabahuni. Akina mama wa kanisa wameandika majina ya wazee wetu wanaoishi peke yao. Wengine mabati yanavuja, wengine mlango haufungi, mmoja anahitaji tu mtu wa kumbebea mtungi wa gesi kutoka dukani. Karatasi iko kwenye meza karibu na mlango. Chukua jina moja, si matano. Vijana mnaoweza kushika nyundo, tukutane hapa Jumamosi saa tatu asubuhi, na msije na viatu vya ibada. Wenye jiko la makaa, litoeni nje kabla ya kulala, hata kama mnaona limebaki majivu tu. Na wewe ambaye mama yako alikupigia simu mwezi huu, usingoje mahubiri yaishe kuchapishwa. Matatu za kwenda juu huanza kujaza mapema.