Kutaja Maradhi Pasipo Kujua

Yaulizwa: mtoto wa Masaki, Kisarawe, azaliwapo na uvimbe shavuni, je, yafaa jirani kumwambia mama yake, kwa huruma, kwamba ni matende au ni jicho la hasidi?

Haifai. Matende huletwa na minyoo iambukizwayo na mbu, na kiungo aghalabu huvimba baada ya miaka. Mtoto hazaliwi nayo. (Watu wa pwani neno “mshipa” hulitia hata katika ngiri na busha, ndipo fikira zikachanganyika.) Mwaka 1982 Mulliken na Glowacki walipambanua namna mbili: uvimbe wa damu ukuao upesi baada ya kuzaliwa kisha ukanywea wenyewe, na kasoro ya mishipa ya damu au ya limfu, ambayo mtu huzaliwa nayo, hukua naye, wala hainywei. Tabibu huuliza ulianza lini, huubonyeza, huupima kama wadunda, kisha hutazama mwendo wa damu kwa chombo cha mawimbi ya sauti. Kasoro ya mishipa ikichanjwa kwa wembe huweza kumwaga damu isizuilike.

Wanazuoni wa fikihi wamemhukumu atibuye bila kujua utabibu kuwa ni mdhamini wa madhara. Jirani hakushika wembe. Walakini neno lake ndilo limpelekalo mama kwa mwenye wembe, wala huruma haimtoi katika lawama.