Je, Viza ni Ahadi?



Mwaka huu wa masomo nimeupitisha Strasbourg, mji wa mashariki mwa Ufaransa ulio ukingoni mwa mto Rhine. Ukivuka daraja umeingia Ujerumani. Nilikuja kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi. Wengi mmeniuliza kuhusu nyama ya halali, baridi na swala. Nyama ipo, kwani Waturuki na Wamoroko ni wengi hapa, na msikiti mkubwa ulifunguliwa 2012. Swala ndiyo humchanganya kidogo mtu aliyekulia Bujumbura, ambako Magharibi huingia karibu saa 12 jioni mwaka mzima. Hapa mwezi wa Desemba jua hutua kabla ya saa 11, na mwezi wa Juni baada ya saa 3 usiku. Mtu huzoea.

Jambo ambalo sikulizoea ni swali la tramu.

Tramu ya Strasbourg haina geti wala kondakta mlangoni. Unagonga tiketi yako kwenye mashine pale kituoni, unapanda, basi. Wakaguzi hupita mara moja moja. Yaani kila abiria ameachiwa amana yake mwenyewe. Katika wanafunzi tuliotoka Afrika kuna wanaolipa na kuna wasiolipa, na wasiolipa wana hoja. Rafiki yangu mmoja wa Bukavu, Muislamu anayeamka Alfajiri kuliko mimi, aliniambia: “Hawa bazungu walitukula miaka mingi, sasa mimi nilipe tramu juu ya nini?” Nikamkumbusha kwamba waliotawala Kongo ni Wabelgiji, na Burundi yetu Wajerumani kisha Wabelgiji haohao. Akacheka. Kwake bazungu ni bazungu.

Lakini hoja yake haiishi kwa kichekesho. Anasema pia kwamba dola hii yenyewe haitutendei sawa. Na hapa ana ushahidi. Sheria ya 1905 iliyotenganisha dini na serikali haitumiki Alsace, kwa sababu mwaka huo eneo hili lilikuwa chini ya Ujerumani. Kwa hiyo mpaka leo serikali huwalipa mishahara mapadri, wachungaji na marabi wa hapa. Maimamu hawamo. Kwa upande mwingine, kwa kuwa sheria hiyohiyo haitumiki, serikali za mitaa ziliweza kuchangia ujenzi wa ule msikiti mkubwa. Rafiki yangu hilo la pili hulipita haraka.

Basi swali ni hili: mtu akiwa na madai ya kweli juu ya watu fulani, je, ahadi aliyowapa inalegea?

Vitabu vyetu vimelijibu zamani, tena katika hali ngumu kuliko yetu. Wanazuoni walizungumzia Muislamu anayeingia nchi ya maadui kwa amani, yaani kwa ruhusa na dhamana ya usalama. Imam Shafi'i hakumruhusu kugusa mali yao maadamu yumo katika amani hiyo. Ibn Qudama, aliyefariki 620 Hijria, aliongeza neno ambalo naona ndilo kiini: wale wamempa amani kwa sharti kwamba asiwafanyie hiana, na hata kama sharti hilo halikutamkwa, limeeleweka. Hao ni maadui wa vita. Sisi tumepewa viza, chumba na kadi ya maktaba.

Wako watakaosema viza si ahadi, ni karatasi ya kuombea, tena tunaiomba kwa unyonge na kwa foleni. Ni kweli, unyonge upo. Lakini tazama kisa cha Hudhayfa bin al-Yaman na baba yake, kilichopokelewa na Muslim. Makuraishi waliwakamata njiani wakawaachia kwa kiapo kwamba hawatapigana upande wa Mtume (s.a.w.). Kiapo cha kulazimishwa, mbele ya makafiri, siku za Badr, Waislamu wakiwa wachache. Mtume akawaambia waondoke, watimize ahadi yao. Nikikisoma kisa hiki nashindwa kuona tiketi ya tramu itapata udhuru gani.

Na tuulize nani hulipa pale tusipolipa. Saa 11 alfajiri tramu imejaa akina mama wanaokwenda kusafisha ofisi, wengi wao wamevaa hijabu. Wao wana kadi ya mwezi. Deni la ukoloni, kama tunalidai, tulidai waziwazi, kwa jina lake. Kujificha nyuma ya kiti si kudai.

Sheria zinazogusa dini ni mlango mwingine. Dada mmoja tunayesoma naye anavaa hijabu darasani bila tatizo, maana katazo la 2004 ni la shule za serikali, si vyuo vikuu. Alipotakiwa kwenda kufundisha kwa mazoezi katika shule ya serikali, ambako angelazimika kuivua, aliikataa nafasi hiyo akatafuta nyingine. Hakudanganya, wala hakutii lile asiloliweza. Nadhani alifanya fiqhi nzuri kuliko sisi tunaoisomea.

Pagumu zaidi ni pale ambapo njaa ipo kweli. Mwanafunzi wa kigeni anaruhusiwa kufanya kazi saa 964 kwa mwaka. Wako wanaozimaliza, kisha wanapeleka chakula kwa baiskeli usiku kwa akaunti ya mtu mwingine, na huyo mwenye akaunti hukata fungu lake. Siwezi kumhukumu anayetuma pesa hizo kwa mama mgonjwa. Naweza kusema tu kwamba dharura hupimwa kwa kiasi chake, na kwamba kantini ya wanafunzi ilikuwa na chakula cha yuro 1 kwa wenye hali ngumu badala ya yuro 3.30. Kiliombwa kwa kueleza hali yako kwa ukweli, na hakukuwa na aibu kukiomba.

Rafiki yangu wa Bukavu nilimsomea maneno ya Ibn Qudama usiku mmoja jikoni. Alinyamaza, akauliza kama chai imebaki. Mwezi wa Januari alinunua kadi ya mwezi. Anasema ni kwa ajili ya faini, si kwa ajili ya Ibn Qudama.