Mtoto Mdogo na Mapenzi ya Elimu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, ambaye wahyi wake wa kwanza kwa Mtume wetu (S.A.W.) ulikuwa ni amri ya kusoma. Rehema na amani zimshukie yeye, na ahali zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu, leo twataka kusema nanyi juu ya watoto wa miaka mitatu mpaka mitano, ambao hawajajua kusoma wala kuandika, walakini hawachoki kuuliza.

Katika safari yetu ya bara tulizuru Bungoma na Kitale, ambako wamo ndugu zetu wa pwani waliokwenda kwa biashara na kazi. Bungoma tulikaribishwa nyumba moja yenye mtoto wa miaka 5. Asubuhi huenda chekechea, alasiri huenda chuoni. Babake akamwita atusomee. Alisoma sura tano bila ya kukosa, lakini macho yake yalikuwa mlangoni. Babake akatwambia kwa furaha: "Zamani huyu alikuwa na maswali mengi. Siku moja alimuuliza mwalimu kwa nini alif haina nukta na ba inayo, akapigwa ufito. Tangu hapo ametulia." Sisi tulihuzunika, kwani kilichotulia hakikuwa utundu, ilikuwa ni hamu ya kujua.

Tukenda Kitale, mji wa mahindi, ambako Kampuni ya Mbegu ya Kenya iliasisiwa mwaka 1956. Huko tulimkuta mama mmoja asiyepata kusoma skuli. Bintiye wa miaka 4 alimuuliza vipi punje moja hutoa shina zima. Mama akajibu: "Sijui, mwanangu. Natuizike, tutazame pamoja." Wakaitia punje ndani ya mkebe wa udongo karibu na mlango. Kila asubuhi mtoto huenda mbio kutazama, akihesabu siku kwa vidole, na mama humtajia Mola anayeipasua mbegu gizani.

Basi ni nani katika wawili hawa aliye karibu zaidi na mwenendo wa dini yetu? Qurani yatueleza jinsi Luqman alivyomwita mwanawe kwa upole, akamfahamisha ujuzi wa Mungu kwa mfano wa chembe ya hardali iliyofichika mwambani. Mama wa Kitale ameshika njia hiyo hiyo kwa punje ya hindi. Na Mtume (S.A.W.), pamoja na uzito wa kazi zake, alimuuliza mtoto mdogo, Abu Umair, habari za kindege chake alichokuwa akikichezea. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika kuwa mtoto aachwe acheze baada ya masomo, kwani kumzuia huufisha moyo wake. Na Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 1406, alionya kuwa ukali humfunza mwanafunzi uwongo na hila.

Atasema msemaji: "Sisi tulipigwa, na tukasoma." Twajibu: waliosoma tunawaona, lakini ni nani awahesabuye waliokimbia chuo wasirudi tena kushika msahafu? Serikali ya Kenya iliondoa kiboko skulini mwaka 2001. Je, si aibu mahali pa Qurani pawe pakali kuliko skuli? Wala jambo hili si geni kwetu. Hapa Mombasa, tangu miaka ya 1980, zimekuwapo madrasa za watoto wadogo zilizounganisha dini, hesabu na michezo.

Kwa hivyo yatupasa mambo matatu. Kwanza, swali la mtoto lisijibiwe kwa "nyamaza". Usipojua, sema hujui. Imamu Malik, pamoja na ukubwa wa elimu yake, aliulizwa masuala mengi akajibu kuwa hajui. Pili, mtoto na amwone babake na mamake wakisoma, maana huiga aonacho kabla ya kutii aambiwacho. Tatu, tuwatazame walimu wetu wa vyuo. Mwalimu aliyewekewa watoto hamsini katika chumba kimoja, na mshahara usiotosha unga, tutamlaumu vipi kwa hasira zake, na hali sisi ndio tuliomtupa?

Tulipokuwa tukirudi tulipitia tena Bungoma. Tukamwita yule mtoto, tukamchorea herufi mchangani: "Ba, ta na tha zina umbo moja, nukta ndizo zizitenganishazo. Alif imesimama peke yake, haihitaji." Akatazama muda mrefu, kisha akauliza kwa sauti ndogo: "Na lam?"

Babake alikaa kimya kidogo. Kisha akachutama mchangani kando ya mwanawe, akasema: "Tutazame, mwanangu."

Twamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu, na atufanye sisi kuwa mlango wa elimu kwao, wala si kufuli. Amin. Wabillahi tawfiq.