Kuziba Pancha, Kuziba Mdomo

Fundi pancha anayeziba tairi akijua kabisa halifai, amemsaidia mwenye gari au amemwibia?

Hapa Malampaka tumezoea tairi linalosema kweli: upepo ukitoka, linakaa chini, na hata mtoto atakupigia kelele, "Mjomba, pancha!" Lakini yapo magari ya mtumba yenye matairi ya kuta ngumu. Hayo yakiishiwa upepo hubaki yamesimama, na mengi hutembea kama kilomita 80 hivi, kwa mwendo usiozidi 80 kwa saa. Jicho halioni kitu, ndiyo maana gari huwekewa taa ya njano ya kuonya. Kuna wanaosema, "Taa tu hiyo, bandika selotepu." Haya.

Kazi inaanzia kwa fundi. Msumari ukiingia katikati ya tairi na upepo ukajazwa mapema, tundu dogo huzibwa kwa kiraka cha ndani, hakuna ubaya. Ubavuni hapazibwi. Na tairi lililokwisha kutembea bila upepo huenda limeungua na kukatika ndani, huku nje linang'aa. Lakini tairi jipya ni bei, mteja anabembeleza, msimu wa pamba umepita na fundi hajashika hata senti tangu asubuhi. Afanyeje?

Wengine watajibu: mali ni ya mteja, naye ametaka mwenyewe. Hoja hiyo ina uzito, ila gari si jembe. Ndani yake atapanda mama aliyeomba lifti kwenda hospitali Maswa. Yeye taa hakuiona, fundi hakumsikia, wala hakuna aliyemuuliza kama anakubali. Mteja anaweza kucheza na fedha yake. Roho ya mama yule si yake.

Kwa hiyo nasema fundi akatae. Lakini hapo hapo najiuliza: akikataa, anakula nini? Kulivua tairi, kulipasua na kulimulika ndani ni jasho, ila akisema "hili silizibi", tunaondoka bila kumpa hata asante, tunakwenda kwa jirani yake anayeziba chochote. Sisi ndio tunaofanya ukweli uwe hasara.

Basi tumlipe fundi kwa kukagua, hata jibu likiwa "hapana". Tukimlipa kwa kuziba tu, tusishangae akiziba na mdomo.