Betri Iliyovaa Jina la Mwingine

Keko, jijini Dar es Salaam, siku huanza kwa sauti ya randa na msasa. Mafundi wa fanicha hupanga vitanda na makabati kando ya barabara, na siku hizi kwenye meza za wengi wao utaikuta drili ya chaji, ile isiyo na waya, inayomwezesha fundi kukaza skrubu hata umeme ukikatika. Hebu tumfikirie kijana mmoja kati yao, fundi wa makabati ya jikoni. Betri yake imechoka. Dukani ametajiwa bei ya betri halisi ya volti 18, akashukuru, akaondoka. Usiku, simu ikiwa mkononi, anakutana na tangazo: betri ile ile, rangi ile ile, jina lile lile la kampuni, kwa theluthi ya bei aliyotajiwa. Anatuma pesa. Kesho yake bodaboda anamletea mzigo.

Siku za mwanzo inafanya kazi. Baadaye inaanza kukata katikati ya skrubu, mteja akiwa amesimama pale pale anaangalia. Fundi anaichomoa, anaigusa, inaunguza kiganja. Anaisubiri ipoe, anairudisha, inazunguka kidogo, inakata tena. Anampigia muuzaji, simu inaita tu. Jioni anaandika ujumbe, na hapo ndipo anagundua kuwa namba yake imezuiwa.

Walio karibu naye hawakosi la kusema. Watamwambia ni tamaa, na kwamba aliyataka mwenyewe. Maneno ya namna hiyo hutoka haraka, na mara nyingi humwangukia mtu ambaye tayari ameumia. Mimi namwona kijana aliyekuwa na kabati la kumaliza, mtoto wa kulipiwa ada, na pesa chache ambazo hazikutosha kwa yote mawili. Alitaka kufanya kazi. Mungu anamwona mtu wa namna hiyo, nasi tumwone kabla hatujamfundisha lolote. Je, wewe umewahi kulaumiwa kwa kosa lililozaliwa na uhitaji wako? Siku ile ulitamani kuambiwa nini?

Sasa tuiangalie betri yenyewe, maana kinachotuumiza tukikifahamu kinapunguza kutuogopesha. Ndani ya betri ya volti 18 mna seli za lithiamu, vyuma vya duara virefu kuliko betri za kawaida za tochi. Aina iliyozoeleka sana ina unene wa milimita 18 na urefu wa milimita 65. Kila seli hutoa volti 3.6 hivi, na tano zikiungwa kwa kufuatana zinafika 18. Zipo kampuni zinazoandika 20 juu ya seli tano hizo hizo, kwa kuwa zinapima betri ikiwa imejaa na haijashika kazi, na hilo si udanganyifu. Betri nene huwa na seli kumi, safu mbili za tano tano, ili chaji idumu. Pamoja na seli hizo kuna kibao kidogo cha umeme, nacho ndicho mlinzi. Kikishirikiana na chaja na mashine, kinafuatilia joto, kinazuia seli zisijazwe kupita volti 4.2 kila moja, na zisinyonywe chaji hadi zikafa.

Anayetengeneza betri bandia hupunguza gharama mahali ambapo jicho lako halifiki. Ganda atalipamba, nembo ataichapa vizuri, ila seli zitakuwa dhaifu au zilizokwisha kutumika kwingine, na kibao cha ulinzi kitakuwa pungufu au hakipo kabisa. Zimewahi kufunguliwa seli bandia zikakutwa na kiseli kidogo tu katikati, nafasi iliyobaki imejazwa unga ili uzito usimshtue mnunuzi. Seli ya lithiamu ikizidiwa na joto hujichoma kwa ndani. Joto la moja huiamsha ya pili, ya pili huiamsha ya tatu, na moto huo ni mgumu kuuzima. Unaweza hata kuwaka tena baada ya watu kudhani wameushinda.

Mafundi wengi hawaachi mashine zao kibandani usiku, kwa hofu ya wezi. Wanazibeba hadi nyumbani, na nyumbani pengine ni chumba kimoja cha kupanga. Chaja inachomekwa ukutani, betri inakaa karibu na godoro, watu wanalala. Nakuuliza kwa upole, mpendwa: betri yako inapochajiwa usiku, ni nani amelala karibu nayo?

Ndiyo maana naona uangalifu wa mnunuzi kuwa sehemu ya upendo wake. Tumezoea kutafuta upendo kwenye mambo yenye machozi na shangwe, tukasahau kwamba mtu anaweza kumpenda mtoto wake kwa kuuliza maswali matatu kabla ya kutuma pesa. Maandiko nayo hayakuliona soko kuwa jambo dogo. Kumbukumbu la Torati linamkataza mtu kubeba mfukoni mawe mawili ya kupimia, kubwa na dogo. Nabii Amosi aliwakemea wafanyabiashara waliongoja kwa hamu sabato ipite ili wakapunguze kipimo, wakawauzie maskini hata makapi ya ngano. Angalia walioumizwa na mizani ile walikuwa kina nani. Tajiri akipata betri bandia ataitupa na kununua nyingine. Fundi mwenye akiba ndogo hupoteza pesa, siku ya kazi, na mteja aliyeondoka akinung'unika.

Basi tujifunze kuuliza, tena bila kumchukia tunayemuuliza. Hesabu tu inaweza kukusaidia sana. Sokoni na kwenye simu zimejaa betri za kushika mkononi zilizoandikwa volti 48, 88, hata 128. Sasa unajua kila seli ina volti 3.6. Ili ufike 88 ungehitaji seli zaidi ya ishirini zilizofuatana, na betri inayoenea kiganjani haina nafasi hiyo. Nyingi kati yake zikifunguliwa hukutwa na seli zile zile tano. Vivyo hivyo kwa Ah, yaani kiasi cha chaji: seli bora za ukubwa ule nilioutaja hubeba 3.5 hivi, kwa hiyo betri nyembamba ya seli tano ikiandikwa Ah 9, hesabu imekataa. Uzito nao husema. Betri halisi ya volti 18 na Ah 5, yenye seli kumi za ukubwa huo, huwa na gramu 600 na kitu. Mzani wa duka la vyakula unatosha kukuonyesha kama nusu ya mzigo haipo, ingawa kwa sababu ya ule unga, uzito ulio sawa peke yake usikupe usingizi.

Picha nzuri mno kwenye tangazo mara nyingi ni ya kampuni iliyotengeneza betri halisi, imechukuliwa tu. Mwombe muuzaji akutumie video fupi ya betri aliyonayo mkononi, akiigeuza taratibu, lebo ionekane na jina lako likiwa limeandikwa kwenye karatasi kando yake. Muulize risiti. Muulize duka liko wapi. Tovuti ya kampuni husika mara nyingi huorodhesha mawakala wake wa nchi yako, na kuwapigia ni dakika chache. Ukiweza, lipa baada ya kuipokea na kuifanyisha kazi nzito kwenye mbao ngumu, maana ikizungushwa bila mzigo hata dhaifu huonekana nzima. Ukiwa na chaja halisi, isikilize nayo. Kwa mfano, chaja nyingi za Makita zinapowasha taa nyekundu na ya kijani kwa zamu, zinakuambia betri hiyo ina hitilafu. Anayeuza kitu halali hachoshwi na maswali haya. Akikasirika na kukuharakisha, umeshajibiwa.

Tusiwaonee wengine pia. Ziko betri zinazotengenezwa na kampuni ndogo, zikaandikwa jina la kampuni hiyo, na kuelezwa wazi kwamba zinaingia kwenye mashine ya kampuni fulani. Hizo ubora wake hutofautiana, lakini aliyezitengeneza hajajificha. Bandia ni ile iliyovaa jina la mwingine.

Na macho yasiishie kwenye betri. Diski ya kukatia ya grinda ni kipuri kidogo cha bei ndogo, lakini ya milimita 125 huruhusiwa kuzunguka hadi mara 12,200 kwa dakika. Ikipasuka katika mwendo huo, vipande vyake vinaelekea usoni. Diski nzuri ina kiwango cha mzunguko kilichoandikwa wazi, na kwenye pete ya chuma katikati hupigwa tarehe ya mwisho wa matumizi. Fundi anaponunua diski, ananunua pia usalama wa kijana anayejifunza kazi kando yake, ambaye pengine hana hata miwani.

Lakini tuseme yamekwisha kutokea. Pesa imekwenda, betri imekufa, muuzaji kajificha. Hapa ndipo moyo unapokuwa na kazi kubwa kuliko macho. Hasira yako ina haki yake, uliibiwa. Bwana wetu hatuombi tuite wizi kwa jina zuri. Anatuomba tusimbebe mwizi moyoni kila tuendako, tukimlaani asubuhi na kumlaani jioni, hadi wa nyumbani wakaanza kulipa deni ambalo si lao. Msamaha huenda usiwe wa siku moja. Unaweza kumsamehe leo, kesho ukapita dukani, ukaona bei ya betri halisi, hasira ikarudi mbichi kabisa. Usikate tamaa. Msamehe tena hapo hapo dukani. Uaminifu wa kila siku mara nyingi una sura hiyo, kurudia jambo lile lile jema ambalo jana ulidhani umelimaliza.

Kusamehe hakukuzuii kutoa taarifa. Tanzania kuna Tume ya Ushindani, FCC, inayoshughulikia bidhaa bandia. Kenya nako kuna mamlaka ya kupambana nazo, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2008. Tunza picha za tangazo, ujumbe wa malipo na betri yenyewe. Unapolalamika huku umemsamehe mtu, unamlinda mnunuzi anayefuata, na pengine unampa muuzaji nafasi ya kusimamishwa kabla hajaunguza nyumba ya mtu.

Liko jaribu moja ambalo halizungumzwi sana, nami ndilo lililonifanya nikuandikie wiki hii. Betri yako mbovu ikichajiwa ikajaa, hukaa dakika kumi kabla haijakata. Dakika kumi zinatosha kumwonyesha mtu kwamba inafanya kazi. Meza ya tatu kutoka kwako kuna fundi mwenzako anayetafuta betri. Angekupa nusu ya pesa yako, usingesema uongo hata mmoja, ungenyamaza tu. Moyo unasema: nami niliuziwa. Je, unaisikia sauti hiyo? Inawezekana aliyekuuzia wewe alianza kwa sauti hiyo hiyo, baada ya kuuziwa mzigo bandia na aliye juu yake, naye akaona hana namna nyingine ya kurudisha mtaji.

Mpendwa, naomba udanganyifu huo ufike kwako na uishie hapo. Najua ni hasara. Najua hakuna atakayekupongeza, kwa sababu hakuna atakayejua alinusurika na nini. Funika ncha za betri hiyo kwa utepe wa umeme, iweke nje mbali na kitu cha kuungua, usiitoboe, usiitupe kwenye takataka zinazochomwa, kisha itafutie wanaopokea taka za kielektroniki. Mwenzako mwambie ukweli wote, na jina la duka uliloliona kwenye simu umwambie.

Nawe unayeuza kwa simu, ukijipatia riziki kwa kupiga picha na kutuma mizigo, nakuandikia kwa upendo ule ule. Huenda ulichukua mzigo kwa nia njema, sasa ukisoma hesabu ya seli unaanza kuwa na wasiwasi na makasha yaliyoko chini ya kitanda. Zakayo, yule mtoza ushuru wa kwenye Injili, hakuishia kujuta moyoni. Alisimama, akasema atamrudishia mara nne kila aliyemdhulumu, na wokovu ukatamkwa juu ya nyumba yake siku ile ile. Pengine huna uwezo wa kurudisha mara nne, na kwa leo hata mara moja ni mzigo mzito. Anza na kilicho ndani ya uwezo wako. Ondoa tangazo lako. Namba za walionunua bado ziko kwenye simu yako, uliowazuia wafungulie. Wapigie leo, jua likiwa bado halijazama, uwaambie wasiichomeke betri ile usiku huu.