Maji ya Bethlehemu



Katika 2 Samweli 23 twasoma kwamba Daudi, akiwa ngomeni, alitamani maji ya kisima cha Bethlehemu, mji wa kwao uliokuwa mikononi mwa Wafilisti. Mashujaa watatu wakapenya kambi ya adui, wakamletea. Daudi hakuyanywa, aliyamimina mbele za Bwana, maana aliyaona kuwa ni damu ya watu wake.

Jemadari huyu alitambua kwamba tamaa ya mkubwa, hata ikinong'onwa, ni amri kwa wadogo.

Nami nilipokuwa mwalimu niliwatuma watoto mtoni kunichotea maji, hata mto ulipofurika. Walirudi salama, nikaoga bila kuwaza. Leo naona haya.

Tuliopewa watu chini yetu, tuchunge ndimi zetu.