Mwacheni Aliyeshindwa Aondoke

Jaji akishaweka kalamu mezani na kumtazama msailiwa bila neno, muziki ukakatika, ujue yanakuja matangazo. Yakiisha, watarudia dakika ileile tangu mwanzo, ndipo jibu litoke. Wengi wetu hapa Tanga tuliofuatilia Bongo Star Search (BSS), shindano la kuimba la televisheni, msimu hadi msimu tunaujua mpangilio huo, na bado tunakaa mpaka mwisho.

Wapo wanaosema mtu mzima aone haya kupoteza usiku wake hivyo. Sikubaliani nao. Tangu utotoni tumeitikia "pakawa" kwa hadithi ambazo mwisho wake tuliujua, na bibi akiruka neno tulimrudisha. Raha ya jambo lililozoeleka ni halali. Tena ndani ya mpangilio huo hutokea ambayo hayakupangwa. Mwaka 2009 ushindi wa BSS ulikwenda kwa Paschal Cassian, lakini Peter Msechu aliyeshika nafasi ya pili hakupotea. Alijijengea jina kubwa. Mwaka 2014 Idris Sultan, mpiga picha, alitoka Big Brother Africa na dola 300,000, na watu ambao hawakuwahi kumwona kwa macho walishangilia kama ndugu zake.

Kinachonisuta ni usaili. Kijana anaingia na shati lililopigwa pasi ikakaa, kola amefunga mpaka shingoni. Anaimba, sauti inamponyoka. Kamera inawageukia majaji wanaocheka, inarudi usoni kwake, inaganda hapo. Kisha picha inapunguzwa mwendo na kuwekewa mlio wa kuchekesha.

Usiku mmoja tulikuwa sebuleni kwa shangazi yangu, Ngamiani, tunamenya machungwa ya Muheza, kikapita kipande cha namna hiyo. Watoto walicheka mpaka wakalala sakafuni. Shangazi hakucheka. Akauliza, "Mama yake huyu yuko wapi saa hizi?"

"Bibi, hiyo ni tivii tu," mtoto mmoja akamjibu.

"Tivii kwenu. Yeye kesho atapita sokoni."

Tangu hapo sijaweza kuitazama sehemu hiyo kwa moyo mweupe. Kijana yule hakuiba wala hakumtukana mtu. Alithubutu kusimama mbele za watu, jambo ambalo wengi wetu tuliokaa kwenye makochi hatuliwezi.

Wala isisemwe kwamba bila dhihaka kipindi hakiendi. Maisha Plus, iliyoanzishwa na mchora katuni Masoud Kipanya mwaka 2009, nayo ilikuwa na kamera, kura na watu wanaotolewa mmoja mmoja. Lakini vijana walipelekwa kuishi maisha ya kijijini, wachote maji na wapike kwa kuni. Mwaka 2012 wakaingia humo kina mama wakulima, kupitia shindano la Mama Shujaa wa Chakula la Oxfam. Mkulima akapewa kamera na muda, akasikilizwa. Uhondo haukupungua hata kidogo, kwangu uliongezeka.

Watayarishaji, ukimya wenu na matangazo yenu tunavipenda, msiviache. Ila aliyeshindwa dakika ya kwanza mwambieni ukweli kwa adabu, mwacheni aondoke, na kilio chake kisirushwe hewani. Nawe msomaji, kipande chake kikikufikia kwenye WhatsApp, usimtumie mwingine.